Maneno ya Hope kwenye Akaunti ya Benson

Hope alibonyeza mahali picha ya bakuli inapokaaga, akasubiri. Kishikwambi kilikaa kimya. Akabonyeza tena kwa kidole chake cha shahada, ambacho ndicho peke yake kinachomtii katika mkono wote wa kulia, na kichwa kikaanza kuyumba. Ndivyo anavyofanya akikasirika.

"Uji si huu hapa, mwanangu," Atuganile alimwambia, kikombe mkononi. "Mama amekuelewa."

Lakini Hope hakutaka kueleweka. Alitaka kusema.

Atuganile aliweka kikombe chini, akachungulia. Picha zote zilikuwa zimefunikwa na pazia la kijivu, na juu yake maandishi mekundu: Programu hii haijanunuliwa kwenye akaunti hii. Nunua ili uendelee. Akakizima kishikwambi, akakiwasha. Maandishi yalikuwa pale pale. Akakifuta kioo kwa upindo wa kanga, kana kwamba ni uchafu.

Hope ana miaka sita. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na utani anaucheka mapema kuliko baba yake. Ila mdomo wake haukubali kutoa neno, na haujawahi kukubali tangu azaliwe. Kwa miaka miwili amekuwa akisema kwa Kauli, programu ya picha. Unagusa picha, kifaa kinatamka. Ilipokuja ilikuwa na sauti yake, sauti ya dada mmoja anayetamka "naomba maji" kama anayesoma matangazo ya vifo redioni. Hope aliisikia mara moja tu, akalia mpaka jioni. Basi Atuganile akajifungia chumbani, akazima feni isije ikaingia na yenyewe, akarekodi maneno kwa sauti yake. Uji. Sitaki. Nipeleke nje. Baba karudi. Kuna mbu. Kila Hope alipohitaji neno jipya, mama alilipiga picha, akalitamka, akaliweka. Yalikuwa mengi sasa hata mwenyewe hakujua idadi yake.

Na Jumatatu kulikuwa na Mwalimu Naima.

Mwalimu Naima ndiye mkuu wa shule ya msingi ya pale mtaani. Atuganile alipompelekea ombi la kumwandikisha Hope darasa la kwanza, mwalimu alimwangalia mtoto mgongoni, akasema bila kuzunguka: "Mama Hope, wewe unaongea vizuri sana. Ila sikuandikishi wewe. Mlete Jumatatu ijayo, nimuulize yeye. Akinijibu mwenyewe, anakaa darasani na wenzake. Asiponijibu, nitaanzia wapi kumfundisha?"

Atuganile alitoka pale amefurahi, maana kujibu ni kitu Hope anakiweza. Alikuwa anakiweza mpaka asubuhi ile ya Alhamisi.

Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya kwa Benson.

Benson ana kibanda chake Mtoni, kando ya Barabara ya Kilwa. Anauza simu na vishikwambi, vipya na vya mtumba, na anatengeneza. Ukinunua kwake hukuti tabu. Anakifungua mwenyewe, anajaza yote kinayouliza, anakukabidhi kinang'aa: "Tayari sista, wewe kazi yako kuperuzi tu." Pale kifaa kinapodai barua pepe, Benson anaweka ya duka lake. Kinapodai neno la siri, anaweka lile lile analowawekea wote. Nani atauliza? Watu wa Mtoni namba zao za simu wanazijua kichwani. Barua pepe ni mambo ya fundi. Na siku ile Atuganile alipotaka kununua Kauli, duka la programu la mtandaoni lilidai kadi ya benki, naye hakuwa nayo. Akampa Benson hela taslimu, Benson akaweka kadi yake, kwisha kazi.

"Mama Hope! Umependeza leo, au ni hasira hizo?"

"Kishikwambi kinasema sijanunua."

Benson alikitazama kidogo tu, akapiga mluzi. "Aa, na wewe umo. Wameifunga akaunti."

"Akina nani?"

"Wenye duka la mtandaoni. Eti inatumiwa na watu wengi mno. Nimewaandikia mara kibao, najibiwa na mashine."

"Watu wangapi, Benson?"

Benson alijikuna shingo, akacheka peke yake. "Mtaa mzima, dada."

Atuganile hakucheka. "Sasa mimi nilinunua. Hela nilikupa mkononi."

"Ulinunua, nani kakataa? Programu ni yako. Ila iko kwenye akaunti ya duka."

"Yaani ni yako."

"Ni yako kwenye yangu. Usikasirike, dawa ipo." Tayari alikuwa ameshaanza kuvua kasha la kishikwambi. "Tunakiflash, kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Halafu nakurushia Kauli nyingine, ipo kwenye grupu letu la mafundi, vijana wameshaivunja kufuli. Bure kabisa. Nusu saa umeondoka."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

"Ya mtoto. Niliyorekodi."

"Hayo yanafutika. Si utarekodi mengine? Sauti ni yako, haijaenda popote."

Hope, mgongoni, alipiga ukelele mmoja mkali. Wateja wawili wakageuka.

"Unamsikia?" Atuganile alisema. "Mwenye maneno kakataa. Lete hapa."

"Mama Hope, kwani..."

"Lete, Benson."

Akakichukua kutoka mkononi mwake, kasha limening'inia upande mmoja. Akavuka barabara. Hakuwa na mpango wowote. Alichokuwa anakijua ni kimoja tu, kwamba hakuna mtu atakayefuta sauti ya mwanawe ili kuokoa nusu saa.

Jioni Stanley, mumewe, aliporudi kutoka ghalani anakofanya kazi ya ukarani, alimkuta mkewe kakaa na simu, Hope kalala mapajani. Sesilia, dada yake Stanley, alikuwa amekuja kuazima blenda na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Atuganile akawaeleza. Akawaambia pia alichokigundua, kwamba chini kabisa ya ukurasa wa Kauli, kwenye lile duka la mtandaoni, kuna jina la aliyeitengeneza na anwani yake. Lusungu fulani, yuko hapa hapa Dar.

"Nataka nikanunue kwake mwenyewe," alisema. "Moja kwa moja."

"Wee!" Sesilia akaruka. "Programu ya nje ya duka? Mie yaliyonikuta si mnayajua?"

Wote waliyajua. Sesilia alitumiwa kiungo cha mikopo ya haraka, akakibonyeza, akapakua programu yao, akakopa. Alipochelewa kulipa, wale jamaa wakawatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yake, kwamba huyu ni tapeli.

"Hata katekista alipata," Sesilia alisema. "Jumapili ananipa komunyo ananiangalia hivi, kama nitaondoka na kikombe."

Stanley alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akakunja uso. "Mama Hope, dada ana hoja. Duka rasmi lina watu wanaokagua. Huyo Lusungu nani anamkagua?"

"Mimi."

"Kivipi?"

"Nitakwenda nimwone. Benson nilimwamini kwa sababu kibanda chake kipo njiani. Hata swali moja sikumuuliza. Huyu nitamuuliza."

Stanley alimtazama mkewe, akamtazama mtoto. "Muulize basi yote," alisema. "Na usimpe kishikwambi akakishika peke yake."

Zamani Atuganile alisoma masomo ya jioni, akiwa na mimba ya Hope, na akamaliza Hope akiwa bado ananyonya. Mwalimu wao wa kompyuta alikuwa na ukorofi mmoja. Hakumruhusu mtu kuingia darasani kama hajafungua barua pepe yake kwa mkono wake, yenye jina lake kamili, "siyo mrembo-wa-Temeke." Atuganile aliifungua. Tangu siku hiyo haikuwahi kupokea barua zaidi ya ile ya kukaribishwa. Sasa aliifungua tena, neno la siri likaja lenyewe vidoleni, akaandika barua ndefu yenye shikamoo mwanzoni na asante mwishoni. Kesho yake mchana Lusungu alimpigia simu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kulalamikiwa. Anaishi Pugu, alisema, na mambo yote haya yanaweza kumalizwa kwa simu.

"Mimi ningependa nije, kaka," Atuganile alijibu. "Kitu cha mtoto sinunui kwa mtu nisiyemwona."

Jumamosi wakaenda, yeye na Hope.

Nyumba ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, ina shamba dogo la mihogo pembeni na kuku wanaoingia na kutoka sebuleni kama wapangaji. Lusungu alikuwa kijana mrefu, kavaa kaptula na shati la ofisini, kana kwamba nusu yake ya juu ndiyo iliyoajiriwa. Kwenye kochi alikaa mama yake, mto mgongoni, kishikwambi mapajani. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea.

"Shikamoo mama," Atuganile alisema.

Mama akagusa kioo. "Marahaba," kifaa kikaitika, kwa sauti nzito ya Lusungu. Akagusa tena, mara tatu haraka haraka. "Lusungu. Mbahili. Chai."

"Nimeshaweka maji jikoni, mama!" Lusungu alisema, masikio yamemwiva. "Samahani dada. Kiharusi kilimchukulia kusema, ndiyo nikamtengenezea hii. Maneno nilimrekodia mwenyewe. Hilo la mbahili alinilazimisha kwa siku mbili."

Hope alianza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisika mwili mzima. Mama akamtazama, akagusa: "Karibu. Mrembo." Atuganile akamshusha mtoto, akamkalisha kando ya mama kwenye kochi. Mama akamsogezea kishikwambi chake. Hope alijaribu picha moja, sauti ya mwanaume ikasema "Nguo yangu iko wapi," akauondoa mkono haraka, akatafuta macho ya mama yake. Hakulia. Ila alielekeza kidole kwenye begi, mahali kilipokuwa cha kwake.

"Anataka chake," Atuganile alisema. "Haya, kaka. Nikinunua kwako, kwa jina langu, inakuwaje?"

Lusungu alikalia ndoo iliyopinduliwa. "Nakupa namba ya leseni, ina jina lako. Hakuna wa kukufungia, hakuna akaunti ya fundi. Ukipata tatizo unanipigia. Na mimi napata hela yote. Dukani wananikata fungu."

"Na ubaya wake?"

Lusungu hakulitarajia swali hilo. "Ubaya... Ikitoka mpya sitaweza kukurushia yenyewe, itabidi uifuate. Na kama mimi ni mtu mbaya, hakuna aliyenikagua."

"Na maneno yake?"

Lusungu aliinamisha macho. Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Niambie tu."

"Hayatakuja," alisema. "Ya dukani na yangu ni kama nyumba mbili. Maneno ya mtoto yako ndani ya ile ya dukani, na mlango umefungwa. Nikikuwekea yangu, unaanza na vyumba vitupu."

Atuganile alilivuta begi karibu. Ametoka Mtoni, kavuka mji mzima na mtoto mgongoni, kuambiwa kile kile alichoambiwa na Benson, ila kwa adabu zaidi.

Mama akagusa kioo. "Lusungu. Sema. Yote."

"Ndiyo nasema, mama." Lusungu alijikuna goti. "Kuna njia. Akaunti yako mwenyewe unayo? Ile uliyoniandikia? Ukiiweka humo ndani, kando ya ile ya fundi, ukanunua tena pale pale dukani, mlango utafunguka. Nyumba ni ile ile, mwenye ufunguo ndiye amebadilika. Maneno utayakuta kama ulivyoyaacha. Mimi ningependa uninunulie mimi, sikudanganyi. Lakini kwa leo, nunua kule."

Atuganile alimwangalia. Alikuwa amekuja kumkagua, na hapo akawa amemaliza kumkagua.

"Basi lete nikufanyie, dakika mbili tu," Lusungu alisema, mkono ameunyoosha.

Mkono wa Atuganile ulishaanza kwenda. Ndivyo ilivyo kawaida, unampa anayejua. Akaurudisha.

"Hapana kaka. Usinishikie. Wewe niambie, mimi nibonyeze."

"Itachukua muda."

"Muda ninao."

Ikachukua muda kweli. Akaingiza barua pepe yake, herufi moja moja. Akaingiza neno la siri, akakosea, akaingiza tena. Duka likadai kadi. Hilo alikuwa amejiandaa nalo. Usiku wa jana yake alitengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, zile zinazotoka kwenye huduma ya pesa ya simu, na tarakimu zake alizinakili kwenye kipande cha karatasi ya khaki. Akazisoma kwa sauti, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

Malipo yamekataliwa.

Hope aliona uso wa mama yake, naye akaanza kuyumbisha kichwa.

"Ndiyo maana watu wanachoka," Lusungu alisema taratibu. "Dada, ukitaka, nakupa yangu bure kabisa. Mrekodi upya maneno machache, yale ya Jumatatu tu. Jina lake, umri, naomba kwenda chooni. Yatatosha."

Yangetosha. Atuganile alijua yangetosha. Lakini alilifikiria neno "Kuna mbu," ambalo Hope hulisema saa yoyote asipotaka kulala, hata pasipo na mbu. Alilifikiria "Mama nyamaza," ambalo Hope alilidai kwa kuvuta sikio la mama na kuziba mdomo wake kwa kiganja, mpaka mama akaelewa na kulirekodi huku anacheka. Kicheko chenyewe kiliingia humo humo, kipo mpaka leo. Maneno machache ni ya mgeni. Mwanawe si mgeni hapa duniani.

"Kwa nini wamekataa?" aliuliza.

"Inaweza kuwa mtandao. Inaweza kuwa kadi haina kitu."

Atuganile alichukua simu, akatazama. Hela ilikuwepo kwenye simu. Kwenye kadi hakukuwa na hata shilingi, hakujua kama lazima uihamishe. Akafuta jasho la viganja kwenye sketi, akaihamisha, akarudi, akajaza yote upya kuanzia juu.

Kiduara kikazunguka. Pazia la kijivu likaondoka.

Picha ya bakuli ilikuwa mahali pake.

Alikiweka kishikwambi mapajani mwa Hope, akakaa chini sakafuni, karibu na miguu ya mwanawe. Hope aliangalia kwa muda, kana kwamba anahesabu kama wote wapo. Kisha kidole kikashuka.

"Uji," Atuganile akajisikia akisema, kutoka kwenye kifaa, kwa sauti yake ya miaka miwili iliyopita.

Mama akajibu kwa sauti ya Lusungu: "Lusungu. Uji. Haraka."

"Jamani, chai na uji kwa mpigo!" Lusungu alisema, akainuka kuelekea jikoni, naye anacheka.

Kabla hawajaondoka alimwonyesha namna ya kutoa nakala ya maneno yote na kuiweka kwenye memori kadi, ili siku nyingine mlango wowote ukifungwa, yasibaki ndani. Hilo nalo Atuganile alilifanya kwa mkono wake. Halafu akaingia kwenye mipangilio, akaitafuta akaunti ya duka la Benson, akaifuta.

"Kauli ya kompyuta nayo unauza?" aliuliza akimfunga mtoto. "Yenye kioo kikubwa?"

"Ile nauza mwenyewe tu, haipo dukani."

"Akipata shule, nitakuja kununua kwako. Kwa jina lake, siyo langu."

Mlangoni aligeuka, akamwambia mama "Ndaga," shukrani ya kwao Tukuyu, maana jina la mwanawe lilishamwambia kuwa ni mtu wa huko. Mama hakugusa kioo. Aliinua mkono ule mzima, akapunga.

Jumatatu, ofisini kwa Mwalimu Naima, feni ilikuwa inapiga kelele na dirisha limejaa vichwa vya watoto wanaochungulia. Mwalimu aliwafukuza, wakarudi. Atuganile alimkalisha Hope kwenye kiti, akamwekea kishikwambi mezani.

"Haya. Unaitwa nani?" mwalimu aliuliza.

Kidole cha Hope kilinyanyuka, kikatetemeka hewani, kikaenda pembeni kabisa ya picha. Muda ukapita. Mwalimu alimtazama Atuganile. "Kama ni shida, msaidie tu kubonyeza, mama."

Mikono ya Atuganile ilikuwa imeshikana chini ya meza, kucha zimezama kwenye ngozi.

"Sishiki, mwalimu," alisema. "Ni chake."

Kidole kilishuka. "Subiri," kishikwambi kilisema.

Dirishani watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Naima alinyanyua nyusi, akasubiri.

"Hope," kishikwambi kilisema. Kisha, "Stanley." Kisha, baada ya safari nyingine ndefu ya kidole, "Nipeleke. Shule."

"Sawa. Na unapenda kula nini, Hope?"

"Anapenda sana uji wa ulezi," Atuganile alidakia, furaha imemponyoka, "halafu na ndizi, ila ndizi lazima..."

"Mama nyamaza," kishikwambi kilisema, na nyuma ya maneno kikasikika kicheko cha Atuganile mwenyewe, kile cha siku ile chumbani, feni imezimwa.

Mwalimu Naima aliziba mdomo kwa mkono. Halafu akasimama, akakibeba kiti chake akazunguka nacho meza, akakiweka mbele ya Hope, mgongo akampa Atuganile.

"Tuendelee," alimwambia mtoto. "Uji, au ndizi?"